Mshauri wa Betri na Nenosiri

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata wito!

Asubuhi nilikuwa maktaba, meza ya dirishani, nikitazama mawingu na kujifanya nasoma. Wingu moja lilikuwa na umbo la ngamia aliyelala. Nilipogeuza shingo nikamwona Mkutubi anabandika tangazo ukutani. Ana namna yake ya kubandika. Anabonyeza kila kona kwa kidole gumba, taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka. Nilimtazama hadi kona ya mwisho.

Tangazo: Jumamosi ya wiki ijayo, mazungumzo kwa wenye kompyuta mpakato. Umeme, vifaa vya ziada, usalama. Anatafutwa mzungumzaji.

Moyo ukaniruka. Kompyuta mpakato ninayo! Betri yake ilikufa zamani, kwa hiyo inaishi kwa waya kama mgonjwa wa dripu. Ukigusa plagi tu, inazimika. Lakini ninayo. Nikajiona jukwaani, shati jeupe, ukumbi umenyamaza jii, Mkutubi kaketi mstari wa mbele, shavu kaliegemeza kiganjani.

Nikamwendea, nikamwambia mzungumzaji amepatikana. Akaniuliza nina uzoefu gani. Nikasema wa miaka mingi. Sikusema wa nini. Akatabasamu, akasema ni vizuri, ila kuna mwingine ameshaomba. Bwana Waya.

Bwana Waya! Mwenye duka la chaja na makorokoro ng'ambo ya barabara. Mtu anayechomeka bisibisi mfukoni kama wenzake wanavyochomeka kalamu, na anayezungumza kana kwamba amemeza kipaza sauti.

Mkutubi amekata shauri hivi: wiki hii sote wawili tuwasaidie wasomaji palepale maktabani, yeye atatazama, kisha atachagua. Nimekubali kwa unyenyekevu mkubwa. Nimetoka nje sikanyagi ardhi.

Dada amecheka hadi akaketi. (Ninaishi kwake, chumba cha uani, kwa muda tu, tangu kiwanda cha uchapaji kilipoamua kuendelea bila mimi.) Amenikumbusha kwamba juzijuzi nilimwamsha usingizini kwenda kuitazama kompyuta yangu iliyokufa, kumbe nilikuwa nimepunguza mwanga wa skrini. Dada ni mwalimu wa hesabu. Watu wa hesabu hawaoti.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandaa meza. Kibao nimekiandika kwa kalamu nene: MSHAURI. Herufi ya mwisho haikuenea, nikaipandisha juu kidogo. Imependeza, kama inataka kuruka. Bwana Waya kaweka meza upande wa pili wa ukumbi. Kibao chake kimechapwa, kina picha yake. Anacheka ndani ya picha. Anamcheka nani?

Mteja wangu wa kwanza: mzee mstaafu wa posta. Akasema kompyuta yake inachemka hadi inamchoma mapajani, na ndani inanguruma. Nikafumba macho, nikasubiri jibu lije lenyewe. Likaja laini kama pamba. Nikamwambia kompyuta imechoka, ilazwe vizuri. Juu ya mto.

Mzee alifurahi, maana mto alikuwa nao, anaukalia kwa ajili ya mgongo. Tukailaza palepale. Picha ya kupendeza mno! Nikaketi kuitazama inavyopumua.

Haikuwa inapumua. Ikatoa harufu ya pasi iliyosahauliwa, ikazimika. Bwana Waya akaja mbio huku anapaza sauti, tena maktabani, mahali pa kunong'ona! Akatangazia ukumbi mzima kwamba matundu ya hewa yako chini, mto unayaziba, kompyuta inatakiwa ikae juu ya kitu kigumu na tambarare, hata sinia la chai linatosha. Akaiinua, akapuliza vumbi, akaiacha ipoe. Ikawaka. Mzee akahamia meza yake. Akaondoka na mto.

Mkutubi aliyaona yote. Akaandika kitu kwenye karatasi. Inawezekana alikuwa anaandika jambo lingine kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Mpango: upelelezi. Nimevaa miwani nyeusi ya Shemeji na skafu ya Dada, nikaingia dukani kwa Bwana Waya kama mgeni aliyetoka mbali. Nikaibana sauti. Nikauliza mtu mwenye kompyuta mpakato anahitaji vifaa gani hasa.

Sikulijua duka lile! Ndani kuna kigiza cha rangi ya samawati. Vitaa vya chaja vinawaka kila upande, kijani, nyekundu, kama mji unaotazamwa kutoka mlimani. Kebo zinaning'inia kutoka darini kama mizizi ya mti ulioota juu chini. Nikasimama katikati nikasahau nimefuata nini. Nikawaza: mtu akilala humu ataota ndoto za namna gani?

Nilipozinduka nilikuwa nimekumbatia kitako chenye feni cha kupozea kompyuta, kitaa cha kuchomeka, kipanya kinachobadilika rangi, vibandiko vya kuziba kamera, mkoba usioingia maji, na mnyororo wa kufungia kompyuta mezani. Na nilikuwa nimeshalipa. Bwana Waya akanifungulia mlango kwa heshima zote, akaniomba, kwa sauti ya chini, mara ya kwanza maishani mwake, nimsalimie Dada na skafu yake.

Kifaa pekee ninachokihitaji kwa dhati ni betri mpya. Sikukinunua.

Lakini kile kipanya! Zambarau, kisha kijani, kisha rangi ambayo haina jina. Nimekitazama mpaka chakula kikapoa.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya umeme. Chaja yangu imelegea, lazima niishike kwa kidole ndipo ifanye kazi, na mtu hawezi kutoa ushauri kwa mkono mmoja. Nikaiona ya Shemeji juu ya kabati. Ncha yake inafanana na yangu, karibu. Nikaisukuma. Ikaingia. Kinachoingia kinafaa, ndivyo ninavyoamini.

Kompyuta yangu ikashusha pumzi ndefu. Chaja ya Shemeji ikafa kikondoo, bila kelele, moshi mwembamba tu ukapanda kuelekea darini ukijikunja vizuri sana.

Mezani Dada alinipa somo. Alisema nyuma ya kila chaja kuna namba. Volti lazima zilingane na za kompyuta, na nguvu isipungue inayotakiwa. Alisema ukinunua kebo ya ekstensheni, nunua yenye kinga, umeme ukipanda ghafla iungue yenyewe, kompyuta ipone. Alisema na mengine kuhusu betri, kwamba haipendi joto wala kuachwa iishe kabisa kila mara. Alikuwa anachora kwa uma juu ya kitambaa cha meza. Nami nilikuwa natazama mvuke wa sufuria. Ulikuwa umeshika umbo la Mkutubi, akitazamwa kwa upande.

Dada akaniuliza amesema nini. Nikajibu: amesema ananipenda. Shemeji akikasirika hutafuna taratibu. Leo alitafuna hadi sahani zikaoshwa.

Ijumaa, 7 Machi

Leo usalama! Nimeufunga ule mnyororo: upande mmoja kompyuta, upande wa pili mguu wa meza ya maktaba. Kalipolia kale kakufuli, ukumbi mzima uligeuka. Nikawaeleza wasomaji kwamba mwizi huja mara tu unapokwenda kunywa maji. Wakatikisa vichwa kukubali. Msichana mmoja akaandika. Mkutubi akasema hilo ni la kweli kabisa, wiki iliyopita msomaji mmoja aliibiwa namna hiyohiyo. Akasema na tabasamu lake lote!

Nikatoka kwenda kunywa maji. Kwa furaha. Nikasimama bustanini kidogo. Kulikuwa na vipepeo weupe juu ya nyasi, wanapanda na kushuka kama karatasi za kitabu kilichochanika. Nilikuwa nachezea ufunguo mkononi, narusha, nadaka.

Narusha. Sikudaka.

Nimetambaa kwenye nyasi zile hadi magoti yakawa ya kijani. Kengele ya kufunga ikalia, na mimi bado nimefungwa kwenye mguu wa meza, yaani kompyuta yangu. Niliomba ruhusa ya kuondoka na meza. Mkutubi alikataa, lakini kwa upole. Akasema kompyuta ilale tu hapa, haitakwenda popote.

Nimerudi nyumbani mikono mitupu na moyo umejaa. Kompyuta yangu imelala chini ya rafu zake! Nimeiona akilini, peke yake kwenye ukumbi mpana, vitabu vyote vimeizunguka kama ndugu wakubwa.

Jumamosi, 8 Machi

Bwana Waya ameukata mnyororo kwa koleo kubwa. Mnyororo aliouuza yeye. Ameukata kwa kubana mara moja, kama uzi. Nikamuuliza mbele ya watu ni usalama gani huo. Akababaika, akasema ule ni wa kumchelewesha mwizi, si wa kumzuia. Watu wakaguna. Nilipata nusu ushindi! Jioni nimetembea kwa madaha hadi nyumbani.

Jumatatu, 10 Machi

Mungu wangu. Niandike kwa utaratibu.

Mkutubi alikuja mezani kwangu na kompyuta yake mwenyewe, ya kijivu, imechakaa kona. Alikuwa anaitwa ghalani, kuna vitabu vimeingia maji. Akaniomba nimwangalizie. Mimi! Bwana Waya alikuwa palepale, anaona. Akaniambia mle ndani mna sauti ya marehemu mama yake. Mama yake ndiye aliyekuwa mkutubi hapa kabla yake, akiwasimulia watoto hadithi katika ukumbi huuhuu, naye binti akazirekodi zote kabla mama hajaugua. Kila jioni anazisafisha kidogo, anaondoa mikwaruzo, anataka Jumamosi awape wageni wasikie moja. Kisha akainama akaninong'oneza nenosiri, ikiwa skrini itajifunga.

Alininong'oneza! Mtu humnong'oneza nani nenosiri? Nilikaa pale sikio linawaka.

Lakini nilipotulia nikaona kwamba nenosiri lenyewe ni dhaifu. Jina la kawaida na namba chache. Mwizi yeyote angelipata kabla hajamaliza kupiga miayo. Na mimi ndiye mshauri. Nikaona nimfanyie zawadi. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaandika la zamani, nikafungua dirisha, nikatazama juu ili jipya lije.

Likaja. Refu, lenye mawingu ndani yake, lenye ukingo wa dhahabu, na mnyama fulani, na herufi kubwa mahali pasipotarajiwa. Sentensi nzima! Nililiandika mara mbili kama inavyotakiwa, kwa vidole vilivyokuwa vinaelea. Sijawahi kutunga kitu kizuri namna ile. Nikaifunga skrini. Nikaegemea kiti. Mawingu yakasogea.

Akarudi, mikono inanukia karatasi mbichi. Nikamwambia nina zawadi. Akaniuliza nenosiri jipya ni lipi.

Nikafungua mdomo.

Nikaufunga.

Tumejaribu hadi kengele ya kufunga. Ngamia. Twiga. Mawingu ya dhahabu. Dhahabu ya mawingu. Kompyuta ikakataa kwa adabu, kisha ikakataa bila adabu, ikasema tusubiri. Hakunifokea. Ningeona nafuu kama angenifokea. Aliweka tu kiganja juu ya mfuniko, kama unavyomgusa mtu paji la uso kuona kama ana homa.

Jumanne, 11 Machi

Sijala. Nimelala chali kwenye nyasi za maktaba tangu milango ilipofunguliwa, natazama juu, natafuta wingu la jana. Mawingu ya leo ni mengine. Yamekaa kama watu wasionijua.

Dada amekuja kunifuata baada ya vipindi vyake. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akaketi kando yangu na sketi yake ya kazini, juu ya majani mabichi, akaniambia nenosiri zuri ni lile refu ambalo mwenyewe unalikumbuka na mwenzio halikisii, na kwamba nimefanikiwa kupata mwanzo na mwisho, nikaacha cha katikati. Halafu akasema, “Mdogo wangu, kitu cha mtu hukibadilishi bila kumwuliza. Hata kama unakiboresha.”

Nikamwambia nilitaka kumfurahisha. Akasema anajua. Akasema hilo ndilo tatizo langu tangu nilipokuwa na meno ya utoto. Alinishika mkono kidogo, akauachia, akaenda kusahihisha mitihani.

Bwana Waya akaja na suluhisho lake, kwa sauti inayosikika barabarani. Aifute kompyuta yote, aanze upya, itakuwa kama imetoka kiwandani! Mkutubi akamwuliza: na sauti? Bwana Waya akajikuna kisogo na bisibisi. Akasema ah. Sijawahi kumsikia akisema neno fupi namna ile.

Nilitaka kuomba msamaha. Nilisimama mbele ya meza ya Mkutubi, nikasema nimekuja kurudisha kitabu. Sikuwa na kitabu.

Alhamisi, 13 Machi

Sijui nianzie wapi. Macho bado yanawasha.

Mkutubi ametuita sote wawili ofisini kwake. Chumba kidogo, birika, dirisha moja, kalenda. Mezani palikuwa na diski ndogo nyeusi ya kuhifadhia, imefungwa ndani ya soksi ya mtoto. Akatueleza kwamba nakala za sauti anazo. Moja katika diski hii, anaiweka kwa shangazi yake upande wa pili wa mji, ndiyo maana ilichukua muda. Nyingine iko mbali kabisa, kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kila Ijumaa huzisasisha. Alichopoteza ni kazi ya siku chache ya kuondoa mikwaruzo.

Nikamwuliza kwa nini hakutuambia tangu Jumatatu. Akasema alitaka kwanza azisikie zenyewe, aamini. Jana alizisikiliza zote kwa shangazi yake, wawili hao kitandani, mpaka chai ikaganda utando.

Bwana Waya akamwuliza kwa nini alihangaika kuweka nakala mahali pote huko. Mkutubi alikuwa anaikunja ile soksi.

“Nilifiwa na mama mara moja,” alisema. “Sikutaka nifiwe naye tena kwa sababu ya kikombe cha chai kilichomwagika.”

Nje mtu alikuwa anafagia. Nikasema samahani. Ilitoka ndogo sana, lakini ilitoka. Akaitikia kwa kichwa, akasema ameipokea, na kwamba kuanzia leo nisiguse kifaa chochote kisicho changu ndani ya jengo hili.

Bwana Waya ameifuta kompyuta, amezirudisha sauti kutoka kwenye diski. Nilimshikia taa. Kwa ruhusa.

Kuhusu Jumamosi: Mkutubi amesema tutazungumza sote. Bwana Waya ataeleza vifaa. Mimi nitaeleza, kwa maneno yake, mambo yaliyonipata. Yaliyonipata! Uzoefu wangu! Kwa hiyo mimi ndiye mzungumzaji mkuu.

Jumamosi, 15 Machi

Ukumbi ulijaa. Mvua ya manyunyu, madirisha meupe, makoti yananukia unyevu. Dada na Shemeji walikuja. Yule mzee wa posta alikuja na mto.

Hotuba yangu ilikuwa ndani ya kompyuta yangu, kurasa nyingi, yenye utangulizi kuhusu anga. Nilichomeka kwenye ekstensheni ya jukwaani. Bwana Waya akachomeka projekta kwenye ileile. Na kompyuta yake. Na vitako vyenye feni alivyoleta kuuza. Na taa zake zote zilizopangwa kama upinde. Ilivutia, siwezi kukataa. Nikaona Mkutubi anajikunyata kwa baridi. Palikuwa na tundu moja limebaki. Nikaleta birika la umeme la ofisini. (Si kifaa. Ni chombo.)

Bwana Waya alianza kwa kishindo. Akasema jambo la kwanza ni kutojaza vifaa vingi kwenye ekstensheni moja.

Tap!

Jengo zima likazimika. Projekta ikafumba. Upinde ukatoweka. Kompyuta yangu ikafa papo hapo na anga langu ndani yake. Nikamgeukia Bwana Waya, nikijua yeye atanishinda sasa, mtu wa betri. Alikuwa anabonyeza kitufe chake, anabonyeza, anabonyeza. Skrini yake nyeusi tii. Tukatazamana. Betri yake nayo imekufa zamani! Muuza betri! Alinikazia macho ya kunisihi, nisiseme. Sikusema. Sijui kwa nini. Nilitamani sana kusema.

Watu wakaanza kunyanyuka. Ndipo Mkutubi akapanda jukwaani na ile kompyuta ya kijivu, haina waya wowote. Akaiweka juu ya kiti cha mbao. Ikawaka kama kawaida yake, bila mbwembwe. Akasema ana mambo machache tu. Betri yake haiachi ikalala imeisha, wala haiweki juani, kwa hiyo inamsubiri siku kama ya leo. Nenosiri lake sasa ni refu, analijua kichwani, na ni la kompyuta hii peke yake. Na kitu anachokipenda hakiweki mahali pamoja. Kisha akabonyeza.

Sauti ya mwanamke. Nzito kidogo, haina haraka, nyuma yake watoto wanakohoa. Ilikuwa inasimulia habari za binti aliyeazima mvua kwa jirani akasahau kuirudisha, basi ikamfuata kila alikokwenda, jikoni, kisimani, hadi ndani ya kofia yake.

Watu wakakaa polepole, kama wanaozama. Mzee wa posta akafumba macho na kuukumbatia mto. Mwanamke mmoja mwenye sare ya ulinzi alikuwa anatamka maneno kabla hayajasemwa. Alikuwa anaijua hadithi nzima. Wengi wao walikuwa wanaijua! Walikua ndani ya ukumbi huu. Nikamtafuta Dada. Dada, mtu wa hesabu, alikuwa ameegemea bega la Shemeji, kichwa upande, kinywa wazi kidogo kama cha mtoto anayekaribia kusinzia. Alikuwa anakuja hapa kila wiki kabla sijazaliwa. Hakuwahi kuniambia hadi leo, tulipokuwa tunarudi nyumbani.

Mvua ya nje na mvua ya hadithi zikachanganyika, sikujua ipi ni ipi. Bwana Waya alinipa kitambaa chake. Kilinukia grisi. Nilikitumia nikamrudishia, naye akakitumia.

Hadithi ilipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Kisha mlinzi akauliza kwa sauti ndogo kama kuna nyingine.

Zilikuwepo. Zilisikilizwa hadi mvua ikaanua, na kompyuta ile haikuzimika.

Baadaye nilimsaidia kupanga viti. Akaniambia naruhusiwa kuja kusoma siku yoyote, mradi nakaa mbali na soketi. Siku yoyote! Amesema siku yoyote!

Jumatatu, 17 Machi

Siku mpya, mtu mpya. Nimetafakari sana yaliyopita na nimeyaelewa yote.

Kompyuta yangu iko dukani, Bwana Waya anaitafutia betri. Na yake pia, kwa siri. Kwa hiyo leo nimeazima ya Dada, ile yenye alama za mitihani ya shule nzima. Yuko jikoni, anaimba. Nimeifungua tu kusoma barua pepe zangu kidogo.

Na kumbe! Barua kutoka Baraza Kuu la Washauri wa Kompyuta Ulimwenguni. Sikujua lipo. Wao wananijua! Wameandika jina langu karibu sawasawa. Wanasema wamesikia sifa zangu, nimeteuliwa Mshauri wa Heshima, nina cheti, nina kiti kwenye jukwaa lenye mapazia. Hapana la kufanya ila kubonyeza kitufe cha kijani, kisha kujaza nenosiri la kompyuta hii ili cheti kijue njia ya kuingia.

Nilisita. Niandike ukweli, nilisita. Kisha nikaona kitufe chenyewe kinavyopwitapwita, taratibu, kama kinapumua. Nenosiri la Dada nalijua, ni tarehe ya harusi yake.

Nimebonyeza.

Skrini imegeuka nyekundu ya machweo, nzuri kupita kiasi. Maandishi meupe yanashuka kama theluji, lugha siijui. Majalada ya Dada yanapotea moja baada ya jingine, bila shaka yanapisha cheti. Chini kuna saa inayohesabu kurudi nyuma.

Ni pongezi, hakuna kingine. Nimemwita Dada aache chungu aje aone.